Mashine ya Kukata Nyasi: Tuipime Ardhi Kabla ya Kulipa



Wazee wetu husema: mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe neno hilo ni kweli. Jembe likiwa baya, mtu atachoka zaidi na kazi itachelewa, lakini jioni atarudi nyumbani. Mashine ya kukata nyasi si jembe. Ikichaguliwa vibaya huweza kumwangukia mtu aliyeikalia, na visu vyake huweza kumkata mguu. Kwa hiyo katika jambo hili hatuna budi kuchagua, tena kuchagua kabla ya pesa kutoka.

Tunaandika makala haya kwa sababu tumeulizwa na wenzetu wa aina mbili. Wa kwanza ni wafanyakazi wa mashamba na viwanda ambao wakubwa wao wanataka kununua mashine yenye kiti, ile ambayo dereva huipanda na kuiendesha kama trekta dogo. Wa pili ni wafanyakazi waliochanga akiba zao ili wanunue mashine moja ya pamoja, wapate kazi ya kufyeka viwanja vya shule, vya viwanda na vya watu binafsi. Wote wanauliza: tununue ipi?

Jibu letu ni hili. Msianze na mashine, anzeni na ardhi. Na mtu atakayekaa juu ya kile kiti awepo wakati wa kuchagua. Mengine yote tutakayoeleza yanatoka katika mambo hayo mawili.

MASHINE ILIYOLALA KIBANDANI

Tuanze na tuliyoyaona. Katika shamba moja la vilimani, ambalo hatutalitaja, mkubwa alinunua mashine ya kiti. Ilikuwa nzuri ya kutazama, rangi yake inang'aa. Aliichagua kwa picha, akiwa ofisini hapa Bujumbura, bila kumwuliza kapita wala mfyekaji hata mmoja. Kibarua kijana alipewa ufunguo, akaonyeshwa kwa dakika chache jinsi ya kuiwasha na kuizima. Wiki ya tatu, asubuhi baada ya mvua ya usiku, alikuwa akikata nyasi kwa kupita ubavuni mwa mteremko. Gurudumu la upande wa chini likaingia katika mtaro uliofichwa na nyasi. Mashine ikapinduka, naye akawa chini yake.

Hakufa. Alivunjika paja akalazwa muda mrefu. Tulipokwenda kumwona, alituuliza jambo moja tu: je, atakatwa pesa kwa kuharibu mashine? Jina lake halikuwa limeandikishwa popote, kwa kuwa alihesabiwa kibarua wa siku. Mashine nayo ilipelekwa kibandani, mkanda wake umekatika, na mara ya mwisho tulipopita pale kuku alikuwa akitagia kwenye kiti.

Hatusemi kwamba mashine ile ilikuwa mbovu. Katika uwanja ulio sawa ingefanya kazi miaka mingi. Kosa lilikuwa kuipeleka mahali ambapo haikutengenezewa.

MASHINE HII ILITOKA KIWANDANI

Yafaa tujue asili ya chombo hiki, maana asili yake inaeleza udhaifu wake. Mwaka 1830 fundi mmoja Mwingereza, Edwin Budding, wa jimbo la Gloucestershire, alibuni mashine ya kwanza ya kukata nyasi. Wazo alilipata katika kiwanda cha nguo. Huko kulikuwa na mtambo wenye visu vya kuzunguka, uliokuwa ukinyoa manyoya juu ya kitambaa cha sufu ili kiwe laini. Budding akaona kwamba visu vya namna hiyo vyaweza kunyoa nyasi pia.

Mashine yake ilisukumwa kwa mikono. Baadaye wengine walitia injini, na baadaye zaidi wakatia kiti. Umbo la visu pia lilibadilika. Lakini kazi iliyokusudiwa ilibaki ileile: kunyoa uwanja laini unaofanana na kitambaa. Ndiyo maana mashine nyingi za kiti zinazouzwa madukani ni za bustani. Tumbo lake liko chini karibu na ardhi, bati lake ni jembamba, na magurudumu yake hayana meno. Muuzaji aweza kuiita trekta, lakini jina halitaifanya iwe trekta.

IJUENI KWANZA ARDHI YENU

Nchi yetu haina ardhi ya aina moja. Imbo, kando ya ziwa Tanganyika na mto Rusizi, ni tambarare. Ukipanda kutoka Bujumbura kwenda mashariki unakutana na Mirwa, milima yenye miteremko mikali. Juu zaidi kuna mashamba ya chai kama Teza na Rwegura. Kusini-mashariki kuna Moso, nchi ya miwa. Mashine iliyofanya kazi vizuri kwa mwenzako wa Imbo si lazima ifae kwako. Nendeni shambani kwa miguu, mkaangalie mambo matano.

1. Mteremko. Usipimwe kwa jicho, maana jicho hudanganya. Chukueni ubao ulionyooka wenye urefu wa mita 1. Ncha moja iguse ardhi upande wa juu, na ncha ya pili ielee hewani upande wa bonde. Lazeni juu ya ubao chupa nyofu iliyojaa maji, ikabaki nafasi ndogo ya hewa. Kitone cha hewa kikikaa katikati, ubao umelala sawa. Sasa pimeni kutoka ncha inayoelea mpaka ardhini. Mkipata sentimita 18, mteremko ni kama digrii 10. Mkipata sentimita 27, ni digrii 15. Watengenezaji wengi wa mashine za kiti za bustani huandika katika kitabu chao kwamba zisipite digrii 15, na wengine husema 10. Hapo wanasema juu ya ardhi kavu isiyo na mashimo. Nyasi zikiwa na maji, au udongo ukiwa na tope, punguzeni. Tena pimeni pale palipo pabaya kuliko pote, msipime karibu na lango tu.

2. Mitaro. Katika vilima vyetu kuna mitaro ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, iliyochimbwa ikikata mteremko. Hapa pana jambo ambalo kitabu cha mashine kilichoandikwa Ulaya au Marekani hakilisemi. Mashine ya kiti ikiwa kilimani yapaswa kukata kwa kupanda na kushuka moja kwa moja, kwa sababu ikipita ubavuni ni rahisi kupinduka. Lakini kwetu ukipanda moja kwa moja unaingia mtaroni, na ukifuata mtaro unapita ubavuni. Basi kila njia imefungwa. Mahali pa namna hiyo mashine ya kiti haifai, hata ikiwa ya bei kubwa namna gani. Na zile nyasi zilizopandwa kingoni mwa mitaro zisinyolewe chini kabisa. Zinashika udongo, nazo ni chakula cha ng'ombe.

3. Mawe, visiki na vichuguu. Kisu cha mashine ya bustani huzunguka kama mara 3000 kwa dakika. Ncha yake hufikia kasi ya kama kilomita 300 kwa saa. Kisu hicho kikipiga jiwe, ama jiwe huruka kama risasi, ama kisu hupinda, ama mhimili wake huharibika. Kagueni shamba wakati wa kiangazi, mwezi wa 6 hadi wa 8, nyasi zikiwa zimekauka na kulala. Kila kisiki, jiwe kubwa na kichuguu kiwekewe mti uliopakwa rangi. Mkihesabu miti hiyo mkaona ni mingi kuliko nafasi zilizo wazi, acheni habari ya mashine ya kiti.

4. Nyasi zenyewe. Ukoka na nyasi fupi zinazokatwa kila wiki mbili ni kazi ya mashine ya bustani. Nyasi zilizopita goti, au zinazokatwa mara mbili tu kwa mwaka, zinataka mashine ya porini. Matete yana mashina kama fimbo, yataziba tumbo la mashine ya bustani siku ya kwanza na kukata mkanda siku ya pili.

5. Maji. Mvua zetu huanza mwezi wa 9 au wa 10 na kuendelea mpaka mwezi wa 5. Nyasi hukua wakati uleule ambao ardhi ni laini. Shamba lenye udongo mzito unaonata litaizamisha mashine nzito ya magurudumu laini, na itabidi watu wanane kuitoa. Ulizeni wazee wa hapo maji husimama wapi.

AINA ZA MASHINE

Baada ya kuijua ardhi, tuangalie kilicho sokoni.

Ya kwanza ni mashine ya kiti ya bustani. Inafaa kwa viwanja vya kiwanda, vya hospitali, vya shule na vya mpira, ambako ardhi ni sawa na nyasi ni fupi. Iko ile inayoongozwa kwa usukani, na iko ile inayoongozwa kwa vishikio viwili, inayogeuka papo hapo. Hii ya vishikio viwili ni ya haraka sana katika uwanja, lakini mteremkoni ikianza kuteleza dereva hana usukani wa kuiongoza. Kwa ardhi ya vilima tusiikubali.

Ya pili ni mashine ya kiti ya porini. Ina injini yenye nguvu zaidi, tumbo lililoinuka, visu vinene, na magurudumu yenye meno. Nyingine huendeshwa na magurudumu yote manne. Hii ndiyo inayostahili kuangaliwa na mwenye shamba korofi lisilo na mitaro. Lakini bei yake huwa mara nyingi zaidi ya ile ya bustani, na mara nyingi hupatikana kwa kuagizwa tu.

Ya tatu ni trekta la kawaida lenye fyekeo la kufungwa nyuma. Mafyekeo haya ni ya aina mbili. Kuna lenye visu viwili au zaidi vinavyozunguka chini ya bati, na kuna lenye vyuma vidogo vingi vilivyoning'inia kwenye bomba refu linalozunguka. Aina hii ya pili hurusha mawe kwa uchache zaidi, kwa sababu kila chuma kikigonga kitu kigumu hujikunja nyuma kisha hurudi. Shamba ambalo tayari lina trekta la kubeba mavuno lifikiri fyekeo hili kwanza kabla ya kununua mashine mpya. Injini ipo, dereva yupo, na fundi anaijua.

Ya nne ni mashine ya kutembea nyuma yake, yenye magurudumu mawili na vishikio virefu. Haiendi haraka, lakini mtu hayuko juu yake. Ikiteleza, anaiachia. Katika mteremko unaozidi digrii 15, kuachia vishikio ni bora kuliko kupinduka pamoja na kiti. Mashine ya kusukuma mtu huiendesha kwa kupita ubavuni, wala si kwa kupanda na kushuka, ili isimrudie miguuni.

Ya tano ni mashine ya kufyeka inayoning'inizwa begani kwa mkanda. Inaingia mitaroni, kando ya ua na kati ya mawe. Huchosha mgongo na mikono kwa mtikisiko, kwa hiyo mtu mmoja asiishike kutwa nzima, wapokezane.

Ya sita ni fyekeo la mkono na panga. Tusivicheke. Hakuna mashine inayofanya kazi katika kila pembe ya shamba kama mkono wa mfyekaji.

MKIISHIKA MASHINE YA KITI, TAZAMENI HAYA

Kama ardhi yenu inaikubali mashine ya kiti, msitazame rangi wala ukubwa wa injini peke yake. Inameni chini yake.

Tazameni bati la tumbo. Ligongeni kwa kidole. Bati lililofinyangwa kwa mashine likiwa jembamba litapasuka kwa kupigwa na mawe; bati nene lililoungwa kwa kuchomelea litadumu. Tazameni kama mhimili wa kisu umefungwa kwa bolti, hivyo kwamba fundi aweza kuubadilisha peke yake bila kubadilisha tumbo zima.

Pimeni nafasi kati ya ardhi na sehemu ya chini kabisa ya mashine, tumbo likiwa limeinuliwa hadi juu. Ikiwa kichuguu kidogo cha kimo cha kiganja hakipiti, basi itakuwa ikikwama kila siku.

Ulizeni juu ya gia. Gia za kawaida ni nzito kuziendesha, lakini fundi wetu wa mtaani aweza kuzifungua. Zile za mafuta, ambazo dereva hukanyaga tu pedali mbele au nyuma, ni nyepesi kuendesha, lakini hupata joto katika kupanda kwa muda mrefu, na nyingine zimefungwa moja kwa moja hivi kwamba zikiharibika hununuliwa mpya. Kama ni za aina hiyo, jueni bei ya gia mpya kabla ya kununua mashine.

Ulizeni jinsi injini inavyopata oili. Injini nyingine hurusha oili ndani kwa kijiko kidogo tu. Ikiinama sana, kijiko hakifikii oili na injini huungua. Injini yenye pampu ya oili ni afadhali kilimani, ingawa nayo ina kipimo chake katika kitabu.

Kumbukeni pia urefu wa nchi. Injini isiyo na msaada wa kusukumiwa hewa hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1000 tunazopanda juu. Ziwa letu liko karibu mita 770 juu ya bahari, na mashamba ya chai ya mlimani yako kama mita 2000. Mashine iliyojaribiwa hapa chini na kuonekana ina nguvu ya kutosha, huko juu itakuwa na upungufu. Ijaribiwe huko itakakofanya kazi.

VIPURI NA MAFUTA

Rahisi ghali. Mashine ya bei ndogo isiyo na vipuri ni ghali kuliko zote. Vitu vinavyokwisha haraka ni vinne: visu, mkanda, kichujio cha hewa na magurudumu. Msikubali muuzaji akisema vinapatikana. Mwambieni avilete mezani. Asipoweza kuvileta leo, hatavileta siku mashine imesimama. Vitu vyetu vingi hupitia bandari ya Dar es Salaam na safari ndefu ya barabara, na mkanda wa mashine ya bustani una urefu wake maalumu, haubadilishwi na mkanda wa gari. Ni heri pamoja na mashine mnunue mikanda miwili, visu seti mbili na vichujio vya kutosha mwaka mzima. Kiangazi vumbi letu huziba kichujio upesi. Kisafishwe kila siku ya kazi.

Juu ya mashine zilizotumika zinazoletwa kutoka Ulaya: someni saa zilizoandikwa kwenye kipimo, kama kipo. Tazameni kibandiko cha namba ya mashine, maana bila namba hiyo hamwezi kuagiza kipuri. Iwasheni ikiwa baridi. Muuzaji aliyeitia joto kabla hamjafika ana jambo analolificha.

Juu ya mafuta, sote tunakumbuka foleni za miaka ya 2022, 2023 na 2024, magari yakilala kwenye vituo. Mashine nyingi za bustani hutumia esansi. Matrekta hutumia mazutu. Shamba ambalo tayari lina akiba ya mazutu likinunua mashine ya esansi limejitafutia foleni ya pili. Na kwa kikundi cha akiba, fikirini: ikiwa mafuta yatakosekana mwezi mmoja, je, mkopo wa mashine utasubiri? La, hautasubiri. Kwa hiyo msitupe mafyekeo ya mkono siku mashine inapofika.

HESABU YA KAZI

Muuzaji atawaambia mashine itakata hekta nzima kwa muda mfupi. Fanyeni hesabu wenyewe. Mashine yenye upana wa kukata mita 1, ikienda kilomita 3 kwa saa kama inavyofaa katika ardhi korofi, inapita juu ya mita za mraba 3000 kwa saa. Ondoeni robo kwa ajili ya kugeuka na kurudia ukingo uliokwisha katwa. Zinabaki kama 2250. Hekta moja ina mita za mraba 10,000, basi ni saa nne na nusu hivi, bila kuhesabu kusimama kwa mafuta, kwa mawe na kwa mapumziko ya dereva. Kisha ongezeni bei ya mafuta, vipuri na mshahara wa dereva, mlinganishe na gharama ya wafyekaji mnaowajua. Katika viwanja vikubwa vilivyo sawa mashine itashinda. Katika vipande vidogo vyenye miti na mitaro, mara nyingi haitashinda.

USALAMA SI ZAWADI

Mashine ya shamba korofi iwe na upinde imara wa chuma nyuma ya kiti, uliowekwa na mtengenezaji, pamoja na mkanda wa kumfunga dereva. Upinde huzuia mashine isimlalie, na mkanda humweka ndani ya kivuli cha upinde. Viwili hivi huenda pamoja. Mashine isiyo na upinde, au ambayo upinde wake umekunjwa, mtu asijifunge juu yake. Nchi ya Sweden iliamuru upinde huu kwa matrekta mapya mwaka 1959, na katika miaka iliyofuata vifo vya kupindukiwa na trekta vilipungua hadi vichache mno. Watu wale wale, mashamba yale yale. Kilichoongezwa ni chuma na sheria.

Pia kuna swichi chini ya kiti, inayozima visu dereva akiinuka. Wako wanaoifunga kwa waya ili kazi iende haraka. Ndugu, mwenye kufunga swichi ile anamfungia mwenzake mlango wa kutokea. Mjumbe wa wafanyakazi akiiona imefungwa, asimamishe kazi mpaka ifunguliwe.

Mtu yeyote asikaribie mashine ya kukata, na mafyekeo ya mkono yasifanye kazi upande ambao mashine hutupia nyasi. Mashine ndogo zinataka nafasi ya mita 15 angalau. Fyekeo la trekta linataka nafasi kubwa zaidi, kama kitabu chake kinavyosema. Watoto wasipakiwe, hata kwa mzaha. Dereva apewe viatu vigumu, miwani na vizuia sauti vya masikioni, navyo visikatwe katika mshahara wake.

Mambo haya si ndoto zetu. Mwaka 2001 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 184 juu ya usalama na afya katika kilimo. Unasema kwamba mashine za shamba zitumike kwa kazi zilizotengenezewa tu, na ziendeshwe na watu waliofundishwa na wanaozijua. Yule kijana wa paja lililovunjika alinyimwa yote mawili.

Na kabla mtu hajapanda kiti, jina lake liwe limekwisha andikishwa INSS, maana huko ndiko ajali za kazini hushughulikiwa. Kuandikisha baada ya ajali ni kuchelewa.

NA WAFYEKAJI JE?

Wengi wanaogopa kwamba mashine itakula kazi yao. Hofu hii si ya kupuuzwa. Lakini tuitazame kazi yenyewe. Katika michikichi ya Rumonge, mashine yaweza kupita katika njia kati ya mistari, kama ni tambarare na makuti yameondolewa. Haiwezi kusafisha mduara kuzunguka shina, mahali ngazi hudondokea na matunda huokotwa. Huko ni kazi ya mkono. Vivyo hivyo kingo za mitaro, chini ya uzio, na kati ya mistari ya chai.

Kwa hiyo mwajiri akileta habari ya mashine, tusiseme ndiyo wala hapana kwa haraka. Tuombe mpango ulioandikwa: mashine itafanya sehemu gani, mkono utabaki na sehemu gani, nani katika wafyekaji wa sasa watafundishwa udereva na ufundi, na watalipwaje. Mfyekaji wa miaka kumi anajua kila shimo la shamba lile. Yeye ndiye wa kwanza kustahili kiti hicho, wala si mtu wa kuletwa kutoka nje kwa sababu ana leseni ya gari.

MASWALI YA KUPELEKA MKUTANONI

Mjumbe akienda katika mkutano wa kununua mashine, achukue karatasi hii:

1. Mteremko mbaya kuliko yote umepimwa? Ni sentimita ngapi kwa mita?
2. Kuna mitaro inayokata mteremko?
3. Mawe, visiki na vichuguu vimewekewa alama?
4. Nyasi hukatwa mara ngapi kwa mwaka, nazo hufika kimo gani?
5. Trekta lililopo haliwezi kufanya kazi hii kwa kufungwa fyekeo?
6. Mkanda, visu na kichujio vya akiba vimeonekana kwa macho?
7. Mafuta yake ni yale tuliyo nayo?
8. Ina upinde, mkanda wa dereva na swichi ya kiti inayofanya kazi?
9. Dereva ni nani, atafundishwa siku ngapi, ameandikishwa INSS?
10. Imejaribiwa katika shamba letu, dereva huyo akiwa juu yake?

Swali moja likikosa jibu, pesa ingoje. Nyasi zikingoja wiki mbili hazimdhuru mtu, na wafyekaji wapo wa kuzipunguza.

Wenzetu wenye mashine ambayo imewafaa, au iliyowatesa, watuletee habari ofisini au kwa mjumbe wao, wakitaja aina ya ardhi yao na kipimo cha mteremko. Tutawapa wengine habari hizo wapate kujifunza.